Hayati Okot p'Bitek: Mwalimu wa Somo la Dini Aliyeiacha Dini



Mhariri aliniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki, akaniachia hiari ya kuchagua. Nimemchagua Okot p'Bitek wa Uganda. Wengi wetu tulimjua Lawino kabla ya kumjua aliyemtunga. Song of Lawino kilikuwa miongoni mwa vitabu vya somo la Kiingereza, na waliokipenda wakakisoma pia kwa Kiswahili, Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Ndugu Paul Sozigwa iliyotoka mwaka 1975. Tulikariri majibu: mgongano wa utamaduni, kasumba ya kikoloni, mume aliyemdharau mke wa nyumbani kwa ajili ya mwanamke wa mjini ajipakaye poda. Mtihani ukaisha, kitabu kikarudi stoo.

Lakini ndani ya kitabu kile mna jambo jingine ambalo watungaji wa mitihani hawaliulizi sana, nalo ni swali la dini. Aliyeandika sura zile za kuwadhihaki mapadre na walimu wa katekisimu alikuwa yeye mwenyewe, wakati mmoja, mwalimu wa somo la dini na kiongozi wa kwaya ya shule. Alitokaje kule akafika huku? Mimi nimelelewa kanisani na ningali muumini, kwa hiyo msitegemee kwamba nitamshangilia kila alipopita. Hata hivyo naona ni haki tumfahamu vizuri, maana maswali yake yanatuhusu sisi watu wa Bariadi kama yalivyowahusu watu wa Gulu.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Kabila lake ni Waacholi. Kwa lugha yao kot ni mvua, na Okot ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Angezaliwa huku Usukumani angeitwa Mabula. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa ubao na chaki. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa manju na mchezaji ngoma aliyesifika. Nyumba moja basi ilikuwa na vyuo viwili, na mtoto akasoma vyote. Kwa mama alipata nyimbo za Kiacholi, mafumbo yake na masimango yake, akiba ambayo baadaye aliitumia mpaka mwisho wa maisha. Kwa baba alipata njia ya kwenda shuleni, nayo enzi zile ilipita kanisani.

Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo, shule ya Kianglikana iliyokuwa ikisomesha watoto wa wakubwa wa Uganda. Hapo Budo alitunga na kuonyesha mchezo wa kuimbwa ulioitwa Acan. Baadaye alikwenda chuo cha ualimu cha serikali huko Mbarara kwa miaka miwili. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, aliyoiandika kwa Kiacholi. Inamhusu kijana fukara, Okeca Ladwong, anayempenda binti lakini hana mahari. Anakwenda mjini Kampala, kisha mashambani huko Jinja, kutafuta fedha, naye anaibiwa njiani akirudi nyumbani. Kijana wa Kisukuma aliyewahi kuhesabiwa ng'ombe na wakwe ataielewa riwaya hiyo bila kufafanuliwa.

Alipohitimu ualimu alipangiwa Sir Samuel Baker School, karibu na Gulu. Kwa miaka mitatu alifundisha Kiingereza na somo la dini, akaongoza kwaya. Pia alikuwa mchezaji hodari wa kandanda. Alichezea shule yake, chuo chake na wilaya yake, mpaka akachaguliwa timu ya taifa ya Uganda. Ninyi vijana wa kiwanjani mlisikie hilo: mtunzi huyu mkubwa alifika Ulaya kwa miguu yake, maana ni mpira uliompeleka. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilifanya ziara ya michezo Uingereza. Wenzake walirudi, Okot akabaki kusoma.

Alianza kwa stashahada ya elimu huko Bristol. Ni katika kipindi hicho alipoiacha imani ya Kikristo. Hakuhama kanisa moja kwenda jingine, wala hakuanzisha dini yake, wala hakurudi nyumbani akajifanya mganga. Alitoka tu. Baada ya Bristol alisoma sheria Aberystwyth, nchi ya Wales. Huko alivutwa na sheria za mila za watu wake, na ili azielewe akaingia Oxford mwaka 1960 kusoma elimu ya jamii na mila za watu.

Siku ya kwanza tu darasani Oxford ilimfunza mengi. Mhadhiri alikuwa akiwataja Waafrika na watu wengine wasio Wazungu kwa majina kama washenzi na watu wa kale wasiostaarabika, bila haya. Okot alilalamika, asisikilizwe. Aliisimulia habari hiyo mwenyewe miaka mingi baadaye, katika utangulizi wa kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika. Ajabu ni kwamba mkuu wa idara hiyo, Evans-Pritchard, aliyeandika vitabu vikubwa juu ya Wanuer wa Sudani, alikuwa amebatizwa Mkatoliki mwaka 1944, akiwa mtu mzima. Mzungu alikuwa anaingia kanisani, na Mwacholi aliyelelewa humo anatoka. Wote wawili waliishi kwa kuandika juu ya dini za watu wa mto Nile.

Mwaka 1963 alipata shahada ya B.Litt. kwa utafiti wa fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, akarejea Uganda kufanya kazi katika idara ya Makerere ya elimu ya watu wazima, tawi la Gulu. Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi wake na wamisionari. Kiini hicho ni neno moja.

Okot alieleza kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwaita wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kutoa kitu pasipo kitu, kwa hiyo swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa. Mtu hafinyangwi kama chungu, huzaliwa na mama yake. Wakajibu kwamba hawajui. Mapadre hawakuridhika, wakakazania swali lilelile. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba upo ugonjwa unaompata mtu aliyezaliwa mzima, ukampinda mgongo na kumfanya kibyongo, na kwa namna hiyo mtu huyo huwa amefinyangwa upya. Ugonjwa huo sisi tunaujua kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Waacholi walisema unaletwa na pepo mbaya aitwaye Rubanga. Basi mzee akajibu kwamba afinyangaye watu ni Rubanga. Mapadre wakaandika jina hilo, na kuanzia siku hiyo wakahubiri kwamba Rubanga ndiye Baba Mwenyezi, muumba wa mbingu na nchi.

Sijui kama kuna msomaji anayeweza kuisoma habari hiyo bila kucheka kwanza, kisha akanyamaza. Watu walikuwa wakipiga magoti mbele ya jina walilofundishwa na bibi zao kuliogopa. Okot hakuishia hapo. Alichukua mwanzo wa Injili ya Yohana, ambapo neno la Kiyunani lenye falsafa nzito nyuma yake lilitafsiriwa Kiacholi kwa neno la kawaida la maongezi na habari, akaonyesha jinsi mstari huo ungemfikia mzee wa kijijini: kwamba zamani za kale kulikuwa na habari fulani, nayo habari hiyo ilikuwa kwa yule pepo wa kibyongo. Mzee huyo angeondoka na nini?

Sasa rudini kwenye Wimbo wa Lawino, mkaisome upya sehemu anayouliza maswali juu ya muumba. Lawino anataka kujua yule Kibyongo aliuchimba wapi udongo wa kufinyangia, na alikuwa amesimama wapi nchi ilipokuwa haijawapo. Wengine tulidhani mwandishi anachezea maneno tu. Kumbe Kibyongo ni Rubanga mwenyewe, Mungu wa katekisimu ya Kiacholi, ametajwa kwa maana yake ya asili. Kitabu kilitoka Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966 na kwa Kiacholi mwaka 1969. Msomaji wa Kiingereza alicheka kidogo. Msomaji wa Kiacholi alipigwa moyoni.

Katika sehemu nyingine Lawino anasimulia alivyojaribu Uprotestanti akashindwa aliposikia habari za kula mwili na kunywa damu, kisha akajaribu darasa la jioni la Wakatoliki. Mwalimu anapiga kelele, wanafunzi wanaitikia kama kasuku maneno wasiyoyaelewa, na nje mbalamwezi imewaka, ngoma inalia, wenzao wanacheza. Lawino anatoka, anakwenda ngomani. Wazee wetu wa Bagika na Bagalu wangeuelewa uchaguzi huo, maana hata huku kwetu walikuwapo wahubiri walioziona ngoma zote kuwa za shetani. Lakini naomba tuwe waangalifu. Lawino si Okot. Yeye hakusoma, anauliza kwa sababu hakujibiwa. Okot alisoma, akafundisha somo lenyewe, akapata majibu yote ya kanisa na bado hayakumtosha.

Katika miaka ya 1960 msomi wa Kiafrika aliyechoshwa na dharau za wamisionari alikuwa na njia moja ya heshima iliyokuwa wazi. Angeweza kusema kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja, muumba, mwenyezi, hata kabla Mzungu hajafika, ila walimwita kwa majina mengine. Njia hiyo iliwafurahisha watu wengi, mapadre wa Kiafrika na wanasiasa kadhalika. Msemaji wake mkubwa Afrika Mashariki alikuwa John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani nchini Kenya, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1931 na aliyekuwa akifundisha Makerere. Mwaka 1969 Mbiti alitoa kitabu chake maarufu, African Religions and Philosophy, akieleza kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo la maisha yake.

Okot aliikataa njia hiyo. Katika African Religions in Western Scholarship, kilichotoka mwaka 1970, aliwakosoa Mbiti, Idowu wa Nigeria, Danquah na Busia wa Ghana, Senghor wa Senegal, hata Kenyatta. Alisema wamewavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani waliyoazima kwa wanateolojia wa Ulaya, na kwamba mzee wa kijijini akionyeshwa mungu huyo wa vitabuni hatamtambua. Kwa Waacholi, alisema, hakuna Mungu mmoja mkuu. Kuna jok, nao ni wengi. Kila himaya ilikuwa na jok wake, mara nyingi kwenye kilima chake, na watu walimfanyia karamu ya mwaka. Kila ukoo ulikuwa na abila, mahali pa kuwatambikia wahenga. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, ajwaka, yaani mganga, alitafuta jok gani anayemsumbua. Hayo yote yalikuwa kwa ajili ya maisha ya hapa duniani: mvua inyeshe, mtoto apone, windo lipatikane. Habari za mbinguni na jehanamu hazikuwamo.

Mtaona mwenyewe shida aliyojitia. Wamisionari walimwona mkana Mungu. Wasomi wenzake wa Kiafrika, waliokuwa wakipigana kuonyesha kwamba mababu zetu hawakuwa washenzi, wakamwona amewavunja mgongo. Nao Oxford? Mwaka 1970 alipeleka huko tasnifu yake ya udaktari kuhusu dini ya Waacholi na Walango, ikakataliwa. Aliitoa kama kitabu, Religion of the Central Luo, mwaka 1971. Kwa hiyo mtu huyu hakupewa ule udaktari aliousomea, ingawa hapana mtu anayeandika juu ya dini za Waluo leo bila kupitia kwake.

Hapa nitoe maoni yangu. Naona Okot alikuwa na haki juu ya wamisionari, na nusu ya haki juu ya wenzake. Lugha haikai mahali pamoja. Neno linaweza kuanza likiwa na maana ndogo, hata mbaya, kisha watu wakaliishi mpaka likapanuka. Neno hili la Kiswahili, Mungu, ni neno la Kibantu, nalo limebeba sala za Waislamu na Wakristo bila mtu kuuliza lilianzia wapi. Huku kwetu Injili iliingia kwa mlango wa Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ambako leo ni wilaya ya Busega. Wamisionari wa CMS walikuwa hapo kwanza, kisha wale wa Africa Inland Mission wakapokea kazi hiyo mwaka 1909. Waliwakuta wazee wanaotambikia masamva na kuyataja majina kama Liwelelo na Seba. Je, Liwelelo wa babu zetu alikuwa Mungu yuleyule wa Biblia? Mbiti angejibu ndiyo. Okot angetaka kwanza tukakae na wazee, tuwaulize waliomba nini, wapi, lini, na kwa sababu gani, kabla hatujawajibia.

Na hilo ndilo nisiloweza kumkatalia. Wengi wetu tumewajibia. Tuliosoma wakati Bariadi ingali chini ya mkoa wa Shinyanga tulikuwa na babu waliozijua habari hizo zote, na tukifunga shule tulikwenda nyumbani kuwaeleza tuliyofundishwa badala ya kuwauliza waliyoyajua. Vijana mlioko shuleni leo, katika mkoa huu wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, baadhi yenu mngali na bibi wanaokumbuka. Kumwuliza hakumtoi mtu katika dini yake.

Mengine ya maisha yake nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1966 Okot alifanywa mkurugenzi wa kituo cha utamaduni cha taifa huko Kampala, Mganda wa kwanza kushika kazi hiyo. Haikudumu. Baada ya safari ya Zambia alijikuta hatakiwi tena na serikali ya Obote, akaondolewa kazini. Alivuka mpaka akaingia Kenya, akafanya kazi Kisumu, ambako alianzisha tamasha la sanaa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970. Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, hivyo kurudi hakukuwezekana. Huko uhamishoni alitoa Song of Prisoner na Song of Malaya mwaka 1971, tenzi mbili zilizompatia tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Mwaka 1974 alitoa Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, zikiwamo nyimbo za maombolezo na za jok. Nakiona hicho kuwa kitabu chake cha dini kuliko vingine vyote, maana humo habishani na mtu. Anawaacha watu wake waimbe.

Mwishoni mwa miaka hiyo alikwenda Nigeria, Chuo Kikuu cha Ife. Amin alipoangushwa mwaka 1979 njia ya kurudi ikafunguka, na mwaka 1982 Makerere ilimpa kiti cha profesa wa utunzi wa fasihi. Hakukikalia kwa muda mrefu. Alifariki Kampala mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51.

Insha zake za mwisho zilikusanywa katika kitabu Artist, the Ruler, mwaka 1986, na ile riwaya yake ya ujanani, Lak Tar, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 kwa jina la White Teeth. Gulu nayo, baada ya hapo, ilipita katika vita virefu ambavyo Okot hakuviona. Makanisa ya Waacholi hayakubadilisha jina alilolipinga. Ukiingia humo Jumapili utawasikia wakianza sala kwa Rubanga, wazee kwa watoto, wamepiga magoti.